Tui si Maziwa: Juu ya Kuchagua Matembezi ya Chakula katika Mji Mkongwe

Msomaji aliyezoea kunikuta katika kurasa hizi nikizozana na tafsiri za mashairi huenda akashangaa safari hii kunikuta nimeshika sahani. Kisa chake ni hiki. Mfasiri mwenzangu wa Ujerumani, ambaye tumeandikiana kwa miaka mingi bila ya kuonana, aliniarifu kuwa anakuja Unguja kwa siku tatu, na kwamba jioni moja kati ya hizo angependa kuitumia katika matembezi ya chakula ndani ya Mji Mkongwe. Matangazo aliyoyaona yalikuwa mengi, na yote yakiahidi jambo moja: ladha ya kweli ya Zanzibar. Akaniomba nimchagulie. Sikuwa na la kumjibu. Nimekulia katika vichochoro hivi na sijapata hata siku moja kumlipa mtu anioneshe pa kununua kachori.

Basi nililipa. Katika muda wa wiki mbili nilikwenda matembezi matatu ya watu watatu mbalimbali, yote yakizunguka mji ule ule na kusimama aghalabu mbele ya vyakula vile vile. Nilipomaliza ya tatu nilitambua kuwa kazi niliyokuwa nikiifanya si ngeni kwangu. Palikuwa na matini moja, ambayo ni mji wenyewe na vyungu vyake. Palikuwa na fasiri tatu. Na palikuwa na msomaji wa ng'ambo anayeuliza aanze na ipi. Kwa kipimo hicho ndipo ninapoyahakiki hapa. Sitataja majina ya wenye biashara, kwani nia yangu ni kuonesha namna ya kuchagua, na wenye kampuni hubadilika haraka kuliko tabia za biashara yao.

Matembezi ya kwanza yalianza jioni Forodhani. Tulikuwa watu kumi na wawili. Kiongozi alikuwa kijana mchangamfu, mwenye Kiingereza chepesi, na aliponiona ndani ya kundi alinijia pembeni kwa adabu: "Shikamoo mzee. Na wewe tena wa kutembezwa?" Nikamwambia mwanangu, nimekuja kusikiliza. Akacheka, akanikaribisha, na kuanzia hapo kila alipotoa kauli nzito alinitupia jicho la pembeni kama mwanafunzi anayesoma mbele ya mkaguzi. Nilimhurumia.

Mpangilio wake ulikuwa mwepesi kukariri. Kila chakula alikipa taifa. Biriani ni ya Mhindi, halua ni ya Mwarabu, pizza ya Zanzibar ni ya Mtaliano aliyesilimu kwetu, na muhogo ni wa Mwafrika. Wageni walifurahi sana, na wawili waliandika. Utamu wa mpangilio huu ni kwamba unafanana na ramani: una rangi nne na mipaka iliyonyooka. Ubaya wake ni kwamba karibu kila mstari wake ni wa uongo. Huo muhogo, uliopewa heshima ya kuwa mwenyeji kuliko wote, asili yake ni Amerika ya Kusini na uliletwa Afrika na Wareno. Pilipili iliyokuwa pembeni yake, nyanya ndani ya kachumbari, mbatata ndani ya kachori na mahindi yaliyokuwa yakichomwa hatua chache kutoka tuliposimama, vyote ni vya Amerika. Majina ya biriani na sambusa yana asili ya Kiajemi, na Wahindi wenyewe waliyapokea. Karafuu tunayoihesabu kuwa ni damu ya visiwa hivi ni mti wa Maluku, na ilianza kupandwa hapa mwanzoni mwa karne ya 19. Anayetaka kumgawia kila mla taifa lake katika sinia moja la Unguja atabakiwa na nazi na mchele mkononi, na hata hivyo vina safari zao.

Sisemi haya kwa ajili ya kumsuta kijana. Sahani ndiyo mahali pekee katika mji huu ambapo watu walioshindwa kukaa pamoja katika siasa wamekaa pamoja bila ya mtu kuwahesabu. Anayeigawa sahani upya kwa makabila na mataifa, tena mbele ya wageni, huenda asijue anachokichokonoa. Wakubwa waliokuwepo mwaka 1964 wanajua. Kwa mtu anayechagua matembezi, basi, hiki ni kipimo changu cha mwanzo: msikilize kiongozi katika vituo viwili vya mwanzo tu. Akikugawia mataifa, ujue amenunua maelezo yake dukani yakiwa tayari yameshakatwa.

(Tulisimamishwa pia mbele ya nyumba ya Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Hapakuwa na chakula. Mama mmoja wa Kiholanzi aliuliza kama mwimbaji huyo alikuwa akipenda urojo. Kiongozi akajibu kuwa alikuwa akiupenda sana.)

Sasa nifike kwenye hiyo pizza, kwa sababu hapo ndipo na mimi nina deni.

Chakula chenyewe kila mtu anakijua: donge la ngano linanyooshwa mpaka linakuwa kama karatasi, linajazwa nyama ya kusaga, kitunguu na yai, linakunjwa pembe nne kama bahasha na kukaangwa juu ya bamba la chuma. Hakina chachu, hakina tanuri, na hakina uhusiano wowote na Italia. Majikoni kwetu jina lake ni mantabali. Ni neno lililotokana na mutabbaq ya Waarabu, yaani kitu kilichokunjwa tabaka juu ya tabaka, na hilo neno tabaka tulilo nalo katika Kiswahili ni la mzizi huo huo. Hula hivyo watu wa Yemen na Hijazi. Na ukivuka bahari mpaka Indonesia utakikuta kinaitwa martabak. Kwa ufupi, jina mantabali limebeba ndani yake Bahari ya Hindi nzima, kutoka pwani mpaka pwani. Jina pizza limebeba nini?

Miaka ya tisini, nilipokuwa kijana ninayetafuta riziki kwa kamusi moja iliyochanika jalada, mwenye ofisi ndogo ya kuzungusha wageni aliniletea karatasi ya matembezi nimfasirie. Niliandika mantabali, na mabano ya maelezo mafupi. Akanirudishia. Wageni, alisema, hawanunui kitu wasichokijua. Weka pizza, kama wauzaji wengine wanavyosema. Sikuwa wa kwanza kuliandika neno hilo na wala sidai ukubwa huo. Lakini nililiandika, nikapokea ujira wangu, nikanunua viatu. Nilijiambia kuwa jina kwenye karatasi ya wageni halitaingia vinywani mwa wenyeji. Mfasiri anayejiambia hivyo hajui kazi yake. Tafsiri hurudi nyumbani. Inakwenda ugenini na jina la kukopa, inapata pesa huko, kisha inarudi na kumwambia asili abadilishe jina.

Urojo umeponea chupuchupu. Wageni wanauita miksi ya Zanzibar, na wauzaji wengi wanaandika hivyo ubaoni, lakini watoto wanaotoka skuli bado wanaagiza urojo. Neno hilo linatokana na rojo, uzito ule wa kimiminika usio maji na usio uji, na hakuna anayehitaji kuambiwa zaidi. Ukiuita mchanganyiko umeeleza tu kwamba kuna bajia, kachori, mbatata, nyama ya mishikaki na vipande vya muhogo vya kukaanga bakulini. Hujaeleza kitu kinachoviunganisha, ile rojo ya manjano, chachu kwa embe mbichi au ndimu, ambayo ndiyo chakula chenyewe.

Matembezi ya pili yalikuwa ya asubuhi, Darajani, na nitayapitia haraka kwa kuwa yalikuwa mazuri kwa namna isiyohitaji maelezo mengi. Kiongozi alikuwa mtu wa makamo aliyewahi kufanya kazi jikoni hotelini. Aliwajua samaki: alitutajia changu, tasi, nguru, jodari na kibua, akatufundisha kutazama jicho na shavu, akatupitisha penye mnada bila ya kutuweka njiani mwa wachukuzi. Jengo la soko ni la mwaka 1904, alisema, na ni kweli. Jina la Darajani linatokana na daraja lililokuwa likivuka mkono wa bahari ulioutenga mji na Ng'ambo, akasema, na hilo pia ni kweli. Mtu anayetaka kujifunza kununua na asitapeliwe, wala asipatwe na tumbo, amfuate huyu.

Lipo jambo moja tu lililoniuma. Tulipofika kwa muuza nazi alizungumza na sisi kwa Kiingereza, kisha akamgeukia muuzaji na kumwambia kwa Kiswahili awaoneshe wageni jinsi ya kutoa "maziwa ya nazi". Muuzaji, mzee aliyekaa juu ya mbuzi yake akikuna, alimtazama. "Tui," alisema. Kiongozi akasema ndiyo, maziwa. Mzee hakusema tena.

Huyo kiongozi si mgeni. Mama yake bila ya shaka alimtuma kuchuja tui kwa kifumbu kama mama yangu alivyonituma mimi, na alijua tofauti ya tui zito la kwanza na lile jepesi la pili, na jinsi anayeyachanganya kabla ya wakati anavyoharibu mchuzi. Lakini ameyasema kwa Kiingereza mara nyingi kiasi kwamba Kiingereza ndicho kinachomfikiria. Kwetu nazi ina umri kama binadamu: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Mpunga ukikobolewa ni mchele, mchele ukipikwa ni wali, na anayesema anakula mchele tunamcheka. Wageni tuliokuwa nao walikuwa wasikivu. Mmoja alikuwa mpishi kwao. Wangeweza kubeba maneno matano. Walipewa moja, tena la kwao wenyewe.

Matembezi ya tatu niliyakuta kwa kuulizia, kwani hayana tangazo kubwa. Anayeyaongoza ni mama wa miaka arubaini na kitu, na hachukui zaidi ya watu wanne. Anaanza alasiri, jua linapopoa. Nilichelewa kidogo nikidhani nimekosa. Yeye alichelewa zaidi yangu. Hiyo ni kasoro ya kwanza. Ya pili, tarehe zake si za kutegemea: aliliweka jengo la Beit al-Ajaib katika zama za Sayyid Said, nalo lilijengwa mwaka 1883 na Sayyid Barghash, miaka mingi baada ya baba yake kufa. Ya tatu, bei yake ni kubwa kuliko za wenzake. Na asiyekula nyama wala samaki atashiba mkate tu.

Pamoja na hayo yote, ndiye niliyemchagua, na sababu zangu ni hizi.

Kila tulipofika kwa mpishi alisimama kwanza, akatoa salamu kamili, ile yetu ndefu, ya hujambo wewe na nyumbani na watoto na mguu ule uliokuwa ukikusumbua. Sisi tulingoja. Mmarekani mmoja alitazama saa. Salamu ilipokwisha, alitutajia jina la mpishi kabla ya jina la chakula, na baada ya hapo aliacha mpishi aseme, yeye akafasiri. Katika matembezi yale mengine mawili wapishi walikuwa kama mandhari; walionekana mikono. Hapa walikuwa na kauli. Mahali pamoja, kwa bibi anayepika mkate wa kumimina, mmoja wetu aliinua simu kupiga picha. Bibi akasema maneno marefu kwa sauti ya chini, na nilimwona kiongozi akisita. Nami kama mfasiri nilikijua kile kisito. Ni pale ambapo unaweza kulainisha, au kuruka, na hakuna atakayejua. Waliolipa wako mbele yako. Aliyesema hajui Kiingereza.

Alifasiri yote. Bibi anasema, alisema, kwamba watu wengi wamempiga picha mikono, na mjukuu wake amemwonesha mikono yake ikiuza safari za watu wasiomjua; basi mwenye kutaka picha na aombe, na akikataliwa asinune. Pakawa kimya. Kisha yule mwenye simu akaomba, bibi akakubali, akajitengeneza mtandio wake kwanza.

Kwa tukio hilo pekee ningemlipa mara mbili.

Sababu ya pili: anajua kusema sijui. Aliulizwa urojo ulianzishwa na nani. Akasema wapo wanaouhusisha na Wahindi wa mjini, naye hajui zaidi, ila anajua nani anaupika vizuri. Kiongozi asiyekuwa na sijui hata moja katika saa tatu ni wa kuogopwa kuliko papasi wa bandarini, maana papasi humjua kwa haraka.

Ya tatu, alivuka barabara. Ule mkono wa bahari umekwishafukiwa, lakini akilini mwa wenye kuongoza wageni maji bado yapo: Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, ni wa kuoneshwa, na Ng'ambo ni pa kulala wapishi. Alitupeleka Vikokotoni, akatukalisha chini kwenye mkeka, akatunawisha mikono, na akatueleza nani hukaa na nani kwenye sinia, nani huanza kunyoosha mkono na kwa nini kipande kizuri cha samaki husukumwa kuelekea kwa mgeni. Hapo nilimkumbuka Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na akaandika kumbukumbu zake kwa Kijerumani, zikachapishwa mwaka 1886. Alipowaeleza Wajerumani chakula cha nyumbani kwa baba yake hakuridhika kutaja kilichopikwa. Alieleza watu walivyokaa, na watoto walivyopangwa kwa umri. Alijua kuwa ukimpa mgeni orodha ya vyakula bila ya mpango wa kukaa umempa mifupa ya samaki.

Nimeulizwa na wenzangu barazani kuhusu Ramadhani, na swali ni la haki, kwani wapo wageni wanaokuja mwezi huo. Kampuni ya kwanza huendelea na kazi mchana kwa kuwapandisha wageni kwenye paa la hoteli. Hilo ni halali yao, lakini mtu ale paa akijua kuwa ni paa. Mama wa matembezi ya tatu hufunga biashara yake mchana na kuchukua wageni wachache baada ya magharibi, wakati mji unapofuturu kwa uji, tambi, muhogo wa nazi na kunde, kisha watu wakatoka wakiwa na nyuso zilizorudiwa na damu. Mwenye khiyari ya tarehe achague hapo. Mwenye haraka asije mwezi huo kabisa.

Nilimwandikia mwenzangu nikamwambia: ya tatu, na uje na njaa, na uchelewe kidogo. Alikwenda. Siku ya mwisho aliniomba tutembee wawili bila ya kiongozi, tukaishia Forodhani, katika bustani iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya matengenezo ya Aga Khan Trust for Culture. Moshi ulikuwa mwingi. Nyuma ya meza lilionekana Beit al-Ajaib, ambalo sehemu yake ilianguka tarehe 25 Disemba 2020. Nilikwenda penye bamba la chuma, kwa kijana wa miaka kama ishirini aliyevaa kofia nyeupe ya mpishi, nikamwambia, "Mwanangu, tupatie mantabali mbili za nyama."

"Nini, mzee?"

Nikarudia. Akanitazama kwa adabu, kama unavyomtazama mtu wa kijiji cha mbali. Pembeni yake mtu mzima aliyekuwa akikata vitunguu, karibu umri wangu, alisema bila ya kuinua kichwa: "Pizza. Anataka pizza."

Nikasema ndiyo. Mwenzangu alikuwa amekwishatoa daftari, na alipoona nimenyamaza akaniomba nimtajie lile neno la kwanza, herufi moja moja.